Tume ya Kumtambua Mdudu wa Bwana Chumvi

"TANGAZO KUU. Watu wote wa Lushoto, wa mjini na wa vilimani, wake kwa waume, wanaarifiwa kwamba siku ya Jumamosi, saa nne kamili za asubuhi, itaketi Tume Tukufu ya Kumtambua Mnyama wa Bahari Asiyejulikana na Elimu ya Ulimwengu, katika nyumba ya Mheshimiwa Bwana Thornby. Wageni wote waoge."

Tangazo hili lilibandikwa ukutani mwa soko siku ya Jumatano asubuhi, juu kidogo ya tangazo la serikali kuhusu kulima matuta ya kuzuia udongo. Kufika adhuhuri, mbuzi wa Mama Marta alikuwa amekwisha kula katikati yake, Tume pamoja na Utukufu wake wote, akabakiza mwanzo na mwisho. Basi watu walioshuka na kabichi zao kutoka Malindi ya vilimani walisoma kwamba Jumamosi saa nne wote wafike nyumbani kwa Bwana Thornby, waoge.

"Mimi nimeolewa," alisema Mama Marta. "Siogeshwi na Mzungu."

Mwandishi wa tangazo hilo alikuwa Mika, kijana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni huko Tanga, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya Juni, mwezi ule ule aliotawazwa Malkia wa Uingereza. Shule ilikuwa imemfundisha mambo matatu: Kiingereza cha kuombea ruhusa, mwandiko wa mviringo, na uso wa kanisani. Huo uso ndio uliokuwa elimu yake kubwa. Kadiri alivyotenda baya, ndivyo ulivyozidi kupoa na kujaa unyenyekevu, hata mwalimu wa zamu akaona haya kumwuliza habari za chura aliyekutwa ndani ya kinanda.

Bwana Thornby, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Chumvi, alikuwa amemwandika Mika kazi ya ukarani wa likizo. Huyu Bwana alipenda bahari kuliko kitu chochote. Mtu mwenye akili timamu akipenda bahari huteremka kuifuata. Bwana Chumvi aliipandisha mlimani. Sebuleni kwake, mbele ya dirisha linalotazama ukungu na miti ya mapeasi, alikuwa na sanduku la kioo refu kama jeneza la mtu mfupi, na ndani yake maji ya bahari yaliyoletwa kwa madebe: garimoshi kutoka Tanga mpaka Mombo, kisha lori, kona kwa kona, mpaka Lushoto. Ndani ya maji hayo walikaa samaki saba wenye rangi za kanga mpya. Na kwa kuwa samaki wa pwani hawawezi baridi ya Juni, chini ya sanduku uliwekwa mkaa wa moto usiku na mchana. Mpishi wa nyumba hiyo, Mzee Shabani, ndiye aliyeuchochea mkaa huo, na ndiye aliyewapulizia samaki hewa kwa pampu ya baiskeli iliyofungwa mpira mrefu. Chumbani kwake nyuma ya jiko hakukuwa na mkaa. Kulikuwa na koti.

Sasa mnyama asiyejulikana. Alionekana wiki mbili kabla ya tangazo, akichungulia kutoka tundu la jiwe la tumbawe: urefu wa kidole cha kati, mwili wa pingili kama kamba wa baharini, macho mawili juu ya vijiti, kila jicho likitazama upande wake kama majirani waliogombana, na mikono miwili iliyokunjwa kifuani kama mwanakwaya anayesubiri sauti ya kwanza. Bwana Chumvi alikimbilia kitabu chake kikubwa cha viumbe vya bahari. Kurasa za kamba na kaa zilikuwa zimeliwa na mchwa mwaka juzi. Akakifunga kitabu, akakaa, kisha uso wake ukang'aa pole pole.

"Hii haiko katika kitabu," alisema. "Hii ni mpya. Mimi nimegundua."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alipima, alichora, akamwambia Mika aandike barua ya Kiingereza kwenda makumbusho ya Ulaya, kuomba mnyama huyu apewe jina la Malkia mpya. Mika aliandika kwa uso wa kanisani.

Alikuwa na sababu ya kuuvaa. Mnyama huyo alikuwa amemleta yeye.

Likizo ya Pasaka, Bwana Chumvi alikuwa amemwita mbele ya wageni wake, akamtaka asome majina ya samaki yaliyoandikwa kwa Kilatini. Mika alijikwaa katika jina la pili, wageni wakacheka, na Bwana Chumvi akasema watu wa milimani wanadhani bahari ni mchuzi uliomwagika. Akaongeza kwamba hakuna kiumbe wa maji ya chumvi ambaye yeye hamjui kwa jina. Mika akainamisha kichwa kwa heshima na kuliweka neno hilo akiba. Mwezi wa Juni, siku moja kabla ya shule kufunga, akaenda ufukweni maji yalipokupwa, akachagua jiwe lenye tundu na mwenye tundu lake ndani, akalitia katika kopo la maziwa ya unga lililojaa maji. Njia nzima mpaka Mombo mnyama aligonga kopo, ko, ko, ko, kama fundi wa bati. Mama mmoja katika behewa akauliza ni kitu gani. "Saa ya baba," alijibu Mika. "Imeharibika." Kesho yake, alipokuwa akilitumbukiza jiwe lile kati ya mawe mengine katika sanduku la Bwana Chumvi, mnyama alimtandika kidole cha shahada pigo moja, na ukucha ukawa mweusi.

Nia yake ilikuwa ndogo, kama nia za wachokozi wote. Alitaka Bwana Chumvi akose jina. Akose siku mbili tatu, ajikune kichwa, kisha mambo yaishe. Hakujua kwamba mtu mkubwa akikosa jina huunda tume.

Wala hakujua habari ya samaki.

Samaki saba wakawa sita. Kisha wakawa watano. Jumanne asubuhi ya wiki ile ya tangazo, Mika alikuwa peke yake sebuleni akipiga pampu ya baiskeli, naye Mzee Shabani alikuwa amekwenda kuchota mkaa. Samaki wa manjano alipita mbele ya jiwe akijionea fahari. Ikasikika ko! moja. Wa manjano akalala ubavu, akavutwa tunduni kichwa kwanza, na maji yakatulia. Mika alisimama na mpini wa pampu mkononi. Moyo ulimwambia: nenda ukaseme. Akaujibu: nitasema kesho. Hiyo ni kesho ambayo watoto wa shule za bweni wanaifahamu sana, haimo katika kalenda yoyote.

Mchana Bwana Chumvi alihesabu samaki, akapata wanne. Akawaza. Samaki wanapotea ndani ya nyumba. Nani ndani ya nyumba anayajua mambo ya samaki? Mzee Shabani, Mdigo, mzaliwa wa Kigombe, mtoto wa mvuvi. Na hapo, jambo la ajabu, Lushoto nzima ikakubaliana na Mzungu kwa mara ya kwanza tangu habari za matuta zianze. Watu wa milimani wana mashaka juu ya mambo mengi, lakini hili hawana shaka nalo: mtu wa pwani hakai wiki bila samaki. Kwamba samaki mwenyewe ana ukubwa wa kijiko cha chai, na kwamba kumkaanga kungemfanya kama jani la chai, hakuna aliyelifikiria. Wenyewe hawajui samaki hukaangwaje.

"Miaka kumi na saba amevumilia maharage yetu," watu walisema sokoni kwa huruma. "Amezidiwa, maskini. Ni kama mbuzi na mahindi mabichi."

Bwana Chumvi akamwita karani wake, akamwambia aandike ajenda ya Tume. Jambo la kwanza: kumtambua mnyama. Jambo la pili: wizi wa samaki watatu uliofanywa na mpishi. Asipojitetea, Jumapili ataondoka, na hatapewa barua ya sifa. Mzee wa miaka sitini, bila barua, hakuna jiko la Mzungu litakalompokea kutoka Lushoto mpaka Tanga. Atarudi kwao Kigombe na koti lake na jina la mwizi wa samaki, katika kijiji ambacho kila mtu ana samaki.

Mika aliandika. Neno "uliofanywa" alilipamba mkia.

Jumamosi ikafika. Tume iliketi kwenye viti vya sebule, wajumbe watatu waliooga. Wa kwanza alikuwa Bwana Shamba Paskali, afisa wa kilimo aliyezunguka vilimani akiwaamuru watu walime matuta, kwa hiyo hakualikwa chakula mahali popote. Wa pili alikuwa Maalim Saidi, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyechaguliwa kwa kuwa aliwahi kusafiri baharini mpaka Unguja. Wa tatu alikuwa Mwinjilisti Danieli, baba yake Mika, mtu mpole aliyeamini kwamba mwanawe amelelewa vizuri. Dirishani nje walisimama watu thelathini hivi, na mbele yao Mama Marta, aliyekuja kuhakikisha kwamba hakuna anayeogeshwa. Mika alikaa mezani na daftari. Katika orodha ya waliohudhuria aliandika kila mtu. Mzee Shabani, aliyesimama mlangoni na sinia ya chai, hakumwandika. Hakuna aliyemwambia amwandike.

Bwana Chumvi alifungua. "Mimi nashukuru nyinyi. Leo ni siku kubwa ya elimu. Nyinyi tazama dudu, sema nini."

Bwana Shamba alikuwa wa kwanza kuinama. Alitazama mchanga uliochimbwa kuzunguka jiwe.

"Huyu anachimba bila kufuata mteremko," alisema kwa uchungu. "Tazameni. Hakuna tuta hata moja. Mvua ikija, mchanga wote huu utakwenda."

"Mvua iingie humo kwa njia gani, Bwana Shamba?" aliuliza Mama Marta kutoka dirishani.

"Sheria haiulizi mvua."

"Basi mtoze faini! Ana mikono na miguu tele, atalima matuta kutushinda sisi!"

Watu nje wakacheka mpaka kioo cha dirisha kikaingia ukungu. Bwana Shamba akaandikisha kwamba kwa maoni yake huyu ni mdudu wa kabichi aliyepotea njia.

Maalim Saidi akavaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Maalim, ulimwona kama huyu ulipokuwa baharini?" aliuliza Mwinjilisti.

"Bahari niliyoiona mimi, ndugu yangu," alisema Maalim, "ilikuwa ndani ya ndoo. Tangu Tanga mpaka Unguja sikuinua kichwa. Ila naweza kusema hili: katika ndoo ile huyu hakuwamo."

Mika aliandika: "Maalim ametoa ushahidi wa ndoo."

Mwinjilisti Danieli, alipofika zamu yake, alisema tu kwamba mnyama huyu ameikunja mikono kama anayesali, na pengine wangemwacha amalize. Bwana Chumvi akaandika maneno yote matatu katika kijitabu chake kwa furaha. Tume ilikuwa imethibitisha alichokitaka: hakuna mtu hata mmoja duniani anayemjua mnyama huyu. Ilikuwa imewauliza watu watatu, na yule mtoto wa mvuvi alikuwa amepita kati yao mara mbili akiwaongezea sukari.

"Jambo la pili," alisema Bwana Chumvi, na sauti ikabadilika. "Karani, soma."

Mika akasimama, akasoma. Alisoma vizuri, kwa vituo, kama alivyofundishwa. "Wizi wa samaki watatu, uliofanywa na mpishi Shabani, kwa kuwa ni mtu wa pwani." Baba yake alimtazama kwa fahari kidogo, kwa ajili ya usomaji.

Mzee Shabani akaweka sinia chini.

"Bwana," alisema, "mimi sikula samaki wako."

"Wewe iko na ushahidi?"

"Sina. Aliyekula na aliyeliwa wote wamo majini, na mimi niko huku nje. Lakini kwetu mtu akikosa shahidi hula yamini. Nipe ruhusa nile yamini."

"Yamini huliwa msikitini, Mzee Shabani," alisema Maalim, "si kwenye sanduku la vioo."

"Na kanisa halipendi viapo kabisa," aliongeza Mwinjilisti, kwa upole.

"Maalim, msikitini nitakwenda nikitoka hapa. Hii ni yamini ya mtu mnyonge." Mzee Shabani alikuwa ameanza kukunja mkono wa kanzu yake. "Nitatia mkono humu majini, mpaka kwenye jiwe, niushike mlango wa huyu mdudu nihesabu kumi. Kama nilikula samaki wa Bwana, mkono huu na upate wanachostahili wezi. Kama sikula, utatoka mzima."

"Nzuri!" Bwana Chumvi aliruka kitini. "Nzuri sana! Hii ni desturi! Karani, andika desturi!"

Kalamu ya Mika haikuandika. Alikuwa akiutazama mkono wa mzee, mkono uliokonda, wenye alama za mafuta ya moto ya miaka kumi na saba, na kidole chake mwenyewe kilikuwa kimeanza kuuma upya. Mkono ukiumia, mbele ya watu wote hawa, Mzee Shabani atakuwa mwizi aliyehukumiwa na yamini yake mwenyewe. Hakuna barua itakayolifuta hilo, hapa wala Kigombe.

Mzee Shabani alifika kwenye sanduku. Alikunja kanzu mpaka juu ya kiwiko, bila haraka, kama mtu anayejiandaa kutawadha. Akasema bismillahi. Vidole vikagusa maji. Vikaingia. Maji yakapanda kwenye kifundo cha mkono. Kule kwenye tundu la jiwe, jicho moja likageuka, kisha la pili. Mzee hakuwa akitazama maji. Alikuwa akimtazama karani.

"Moja," alisema.

"Mzee, toa mkono!" Kiti cha Mika kilianguka nyuma yake. "Toa! Huyo anapiga! Atakuvunja kidole!"

Wajumbe wote watatu wakamgeukia. Nje kukanyamaza, jambo ambalo Mama Marta hakuwahi kulifanya kabla ya siku ile.

Mzee Shabani akautoa mkono, akaufuta kwa kitambaa cha sahani, kidole kimoja kimoja.

"Anapiga?" aliuliza. "Nani kakwambia, mwanangu? Wiki mbili yuko humu, hajampiga mtu. Mdudu asiyejulikana na elimu ya ulimwengu. Uliandika wewe mwenyewe."

"Nilisoma," alisema Mika. "Kitabuni. Kitabu cha Bwana."

"Ukurasa gani?" aliuliza Bwana Chumvi upesi. "Iko ukurasa?"

Mika akafungua kinywa. Akajaribu kuuvaa uso wa kanisani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake haukumwenea.

"Mchwa walikula," alisema.

"Basi umeusoma tumboni mwa mchwa!" alipiga kelele Mama Marta, na watu wa nje wakarudiwa na pumzi. Mwinjilisti Danieli hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe kama mtu anayetazama nyumba yake na kuona kwamba mlango umeachwa wazi tangu asubuhi.

"Mika," alisema. "Sema na Mzee."

"Mzee Shabani," Bwana Chumvi aliingilia kati, "wewe... wewe najua hii dudu?"

"Namjua, Bwana. Nilimjua siku ya kwanza. Kwetu watoto wote wanamjua, hasa vidole vyao. Anapiga kaa mpaka gamba linapasuka, anapiga samaki, anapiga mtu. Akinaswa wavuni, tunamtupa."

"Jina? Jina lake ni nini?"

"Mimi sikumpa jina, Bwana. Nilikuwa namtupa."

Bwana Chumvi akaketi. Barua ya makumbusho ilikuwa tayari imeondoka na lori la Ijumaa.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Maalim Saidi.

"Nani aliniuliza, Maalim? Mlikuja watatu. Nikawaletea chai." Mzee Shabani akageuka kwa Mika tena. "Na ningesema ni mdudu anayekula samaki, Bwana angesema mwizi amepata wa kumsingizia. Lakini nilijua mdudu hapandi lori mwenyewe. Madebe ya Bwana nayachuja mimi kwa kitambaa, hata kipande cha jani hakipiti. Nikasema, aliyemleta yumo humu humu, na kama alimleta anajua anavyopiga. Haya. Mimi kutia mkono mpaka jiweni? Nimezaliwa Kigombe. Nina wazimu?"

Mika alisimama katikati ya sebule. Alikuwa na hotuba. Siku zote alikuwa na hotuba. Akaanza: "Kwa unyenyekevu mkubwa, mbele ya Tume hii tukufu..."

"Acha hiyo," alisema baba yake.

Akaiacha.

"Nilimleta mimi," alisema. "Kutoka Tanga, katika kopo la maziwa. Bwana alinicheka Pasaka. Nilitaka na yeye akose jina. Ulikuwa mchezo, Mzee. Shikamoo, Mzee, naomba unisamehe, ulikuwa mchezo tu."

Mzee Shabani hakuipokea ile shikamoo. Aliiacha iningʼinie.

"Kumleta si neno," alisema. "Na mimi niliwahi kuwa mtoto, nimewahi kutia kaa katika kitanda cha mjomba. Ninauliza jambo jingine. Samaki wa manjano alipotea Jumanne, mimi nikiwa nimekwenda kuchota mkaa. Nani alikuwa hapa na pampu?"

"Mimi."

"Uliona?"

Mika akatazama daftari juu ya meza. Lilikuwa wazi, wino umekauka, herufi zimelala vizuri kama mahindi kwenye mstari.

"Niliona," alisema. "Alimpiga mara moja, akamvuta ndani. Niliona kwa macho yangu, Mzee. Nilijua tangu Jumanne kwamba si wewe, na baada ya hapo nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba ni wewe."